Mashine ya Kung'arishia na Mikwaruzo ya Gari Jeusi

Mkwaruzo mdogo ulio juu ya rangi ya gari huondoka kwa njia moja tu iliyo ya kweli, nayo ni kuisaga rangi inayouzunguka mpaka uso wote ushuke na kulingana na sakafu ya mkwaruzo huo. Kila mashine ya kung'arishia, kila kampaundi na kila pedi inayouzwa madukani hufanya kazi hiyo hiyo ya kupunguza, ingawa maandishi ya juu ya chupa hutaja zaidi mng'ao na upya. Mazungumzo haya yanahusu kazi hiyo kama inavyofanywa kwenye magari yenye rangi za giza, hasa nyeusi, na yanakusudia kueleza kwa nini fundi wa kung'arisha anastahili kupimwa kwanza kwa kiasi cha rangi alichokibakiza juu ya gari, na baadaye ndipo apimwe kwa mng'ao alioutoa.

Gari linalotoka kiwandani siku hizi kwa kawaida huwa na matabaka manne juu ya bati lake. La kwanza ni la kuzuia kutu, ambalo hushikishwa kwenye bati kwa umeme wakati bodi nzima imezamishwa ndani ya birika kubwa. La pili ni praima, inayousawazisha uso. La tatu ni rangi yenyewe, yaani lile linalobeba weusi, ubluu au wekundu. Na la nne ni tabaka gumu lisilo na rangi yoyote, linalouruhusu mwanga upite, ambalo mafundi rangi huliita klia. Matabaka yote manne kwa pamoja huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150, na kwa kuwa mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita, rangi yote ya gari kuanzia bati hadi juu kabisa inakaribia unene wa nywele mbili za binadamu zilizolazwa moja juu ya nyingine. Klia huchukua mikroni 35 hadi 50 tu za unene huo. Ndani yake mna kemikali zinazofyonza miale ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho ambayo huzivunjavunja rangi na plastiki, na klia ikipunguzwa kupita kiasi kinga hiyo hudhoofika. Ikishadhoofika, miaka kadhaa ya jua kali hutosha kuifanya ipauke na hatimaye ibanduke kwa mabaka meupe, kama yanavyoonekana juu ya mapaa na boneti za magari mengi ya Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Gari likifikia hapo hakuna mashine wala dawa inayolirejesha, na tiba yake ni kupigwa rangi upya.

Watu wengi huamini kwamba rangi nyeusi ni laini kuliko nyeupe na kwamba ndiyo sababu hukwaruzika upesi. Zipo rangi nyeusi zilizo laini, nazo zitatajwa, lakini sababu kubwa imo katika tabia ya mwanga, kwa maana klia iliyo juu ya gari jeupe na ile iliyo juu ya gari jeusi la kiwanda kile kile huweza kuwa ni dawa moja iliyopulizwa kwa bomba moja, na zote mbili zikakwaruzika sawasawa. Mwanga unapoiangukia klia moja kwa moja kutoka juu, takriban asilimia 4 yake huakisiwa na uso wa klia, na uliobaki hupenya hadi kwenye rangi. Rangi ya gari jeupe ina chembechembe za dioksidi ya titani, ambazo huurudisha sehemu kubwa ya mwanga huo na kuutawanya kila upande, kwa hiyo jicho hupokea weupe mwingi kutoka chini, na mwanga mdogo unaotupwa na kingo za mikwaruzo humezwa na weupe huo. Rangi ya gari jeusi hupata weusi wake kwa masizi ya kaboni, nayo humeza karibu mwanga wote unaoyafikia; hakuna cha kutajwa kinachorudi kutoka chini, na yote ambayo mtazamaji anayaona juu ya boneti ni ile sehemu ndogo iliyorudishwa na uso wa klia. Mkwaruzo ukiukata uso huo na kuutupa mwanga kando, hapana kitu cha kuuficha. Hali hiyo hiyo ndiyo inayolipa gari jeusi lililotunzwa uzuri wake wa pekee, kwa kuwa anga, miti na kuta za nyumba huonekana ndani ya mlango wake kwa ukamilifu ambao gari jeupe haliwezi kuufikia hata ling'arishwe namna gani.

Mwanga hueleza pia ule utando wa mistari unaolizunguka jua linapoakisiwa juu ya paneli. Mwenye gari akiuona hulaumu muoshaji kwa kusugua kwa mizunguko, na washauri wengine husisitiza kwamba gari lioshwe kwa mistari iliyonyooka ili maduara yasitokee. Ukweli ni kwamba boneti iliyosuguliwa vibaya ina maelfu ya mikwaruzo inayoelekea kila upande, lakini mkwaruzo humrudishia mtazamaji mwanga pale tu unapokuwa umekingama na mstari unaotoka kwenye taswira ya jua, ilhali ule uliolala kuufuata mstari huo hauonekani. Kwa hiyo jicho huokota ile tu inayolizunguka jua, na mtazamaji akisogea hatua mbili, duara nalo husogea pamoja naye. Jambo hili lina faida ya moja kwa moja katika kazi, kwa sababu linamfundisha fundi kwamba mirija ya taa iliyotundikwa darini, ambayo huueneza mwanga, huificha mikwaruzo, na kwamba ukaguzi unaoaminika hufanywa juani au kwa tochi moja yenye mwanga mkali uliokusanywa mahali padogo, huku mkaguzi akiibadilisha pembe yake mara kwa mara.

Desturi nyingi za kung'arisha zilizomo katika karakana zimerithiwa kutoka zama za rangi nyingine. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitoa rangi ya nitroselulosi iliyoitwa Duco, na General Motors ikaitumia kwanza kwenye magari yake ya Oakland. Rangi hiyo ilikauka upesi kuliko vanishi zilizoitangulia, lakini ilikauka ikiwa imefifia, na mng'ao wake ulipatikana kwa kuisugua. Kwa miongo mingi baada ya hapo rangi za magari zilikuwa za tabaka moja, yaani weusi na mng'ao vilikaa ndani ya rangi ile ile, na mwenye gari lililopauka alilipeleka kwa fundi, fundi akalipiga kampaundi kali, akaondoa ngozi iliyokufa, na rangi mbichi ya chini ikajitokeza. Mfumo wa rangi na klia ulienea viwandani katika miaka ya 1980, na tangu hapo hesabu ni nyingine kabisa, kwa kuwa kinachong'aa sasa ni klia peke yake. Kampaundi kali na pedi ya sufu zilizolifaa gari la mwaka 1960, zikipigwa kila mwaka juu ya gari la leo, huimaliza klia katika muda usiotarajiwa, na jambo la kusikitisha ni kwamba gari hutoka karakanani liking'aa kila mara na kumridhisha mwenyewe, mpaka siku klia inapokwisha.

Magari mengi ya mtumba yanayoshushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam hutoka Japani, na miongoni mwake zimo Toyota nyingi zenye rangi nyeusi ambayo namba yake ni 202, namba inayosomeka kwenye kibati cha utambulisho kilichobandikwa ndani ya chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Rangi hiyo ina sifa ya ulaini miongoni mwa wang'arishaji wa nchi nyingi, na katika baadhi ya magari ya zamani ilipakwa bila klia. Fundi hulitambua gari la namna hiyo kwa kusugua polishi kidogo kwa kitambaa cheupe mahali palipojificha: kitambaa kikitoka na weusi, basi hapana klia, na kila anachokisaga ni rangi yenyewe. Litambuliwe pia kwamba gari la mtumba halifiki likiwa na unene wote wa kiwandani. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye umri unaozidi miaka 8, na kwa hiyo waagizaji wengi huleta magari ya miaka 7, ambayo yameoshwa mamia ya mara na huenda yamepigwa mashine zaidi ya mara moja ili yavutie wanunuzi. Fundi wa Dar es Salaam au wa Nairobi anapolitupia jicho gari hilo anaanza na akiba ambayo mtu mwingine ameshaichota.

Kwa sababu hiyo kipimo cha unene wa rangi ni kifaa cha lazima, ingawa katika karakana nyingi bado huhesabiwa kuwa ni anasa. Hicho ni chombo kidogo kinachowekwa juu ya paneli na kutaja kwa mikroni umbali uliopo kati ya ncha yake na chuma cha chini, kwa kutumia sumaku pale bodi ilipo ya chuma cha kawaida na mkondo wa umeme pale ilipo ya alumini. Paneli ya kiwandani ikisoma 110 upande mmoja na 70 upande mwingine, fundi ajue kwamba pale penye 70 mashine imeshapita sana; ikisoma 250, imepigwa rangi mara ya pili; na ikisoma zaidi ya 1,000, chini yake mna pati ya kujazia mabonde. Mipaka ya kifaa hicho nayo ijulikane: husoma jumla ya matabaka yote bila kueleza klia ni kiasi gani, na vipimo vya kawaida havisomi chochote juu ya bampa, ambayo ni ya plastiki. Watengenezaji wa rangi na magari huonya kwamba kuondoa zaidi ya mikroni 8 hivi za klia katika maisha yote ya gari ni kuihatarisha. Hatua ya kukata kwa kampaundi huweza kuondoa mikroni 2 hadi 5, na hatua ya kumalizia kwa polishi laini huondoa mikroni 1 au pungufu yake. Msikilizaji akizijumlisha namba hizo atatambua kwamba gari linavumilia kazi nzito mara chache mno, pengine mara mbili, na kwamba kulipiga kampaundi kila mwisho wa mwaka ni kulikopa deni lisilolipika.

Mashine zenyewe ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza ni ya mzunguko mmoja, ambayo pedi yake hufungwa kwenye ekseli na kuzunguka mahali pamoja, na mafundi wengi wameizoea kwa kuwa umbo lake linafanana na la grainda. Pedi yenye kipenyo cha milimita 180 ikizungushwa mara 2,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu mita 19 kwa sekunde, mwendo unaozidi ule wa kilomita 65 kwa saa, na mwendo wote huo huishia katika kusugua. Mashine hiyo hukata upesi, na mikononi mwa fundi aliyekomaa hutoa kazi safi, lakini hukusanya joto mahali padogo na huacha juu ya rangi nyeusi mawimbi ya mistari sambamba yanayocheza jua linapoyapiga, ambayo huitwa hologramu. Ya pili ni ya mizunguko miwili. Ekseli yake imewekwa kando kidogo ya kitovu, kwa hiyo pedi huchora viduara vidogo wakati huo huo ikizunguka polepole kwa uhuru wake, na chembe za kampaundi hupita kila mara kwa njia mpya, zikaacha uso usio na mistari ya upande mmoja. Mashine ya aina hiyo yenye viduara vya kipenyo cha milimita 15, ikienda mara 4,000 kwa dakika, huisogeza pedi kwa mwendo wa takriban mita 3 kwa sekunde, ambao ni kama moja ya sita ya mwendo wa ile ya kwanza. Aidha, fundi akiigandamiza kupita kiasi pedi yake huacha kuzunguka na kubaki ikitetemeka, na udhaifu huo ndio unaoilinda rangi. Wajuzi huchora mstari mmoja wa wino kwenye sahani inayoshika pedi ili waone kwa jicho kama bado inazunguka au imesimama.

Kwa mikwaruzo myepesi ya rangi ya giza, mashine ya mizunguko miwili ndiyo inayostahili kuchaguliwa, na ile ya mzunguko mmoja ibakie kwa kazi nzito na kwa mikono iliyofundishwa. Grainda ya kukatia vyuma, ambayo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, isiwekwe juu ya rangi hata ikifungwa pedi laini kiasi gani, kwa maana huichoma klia kabla fundi hajawahi kuinyanyua. Joto ni adui wa kazi hii hata pasipo mashine: bati jeusi lililoachwa juani adhuhuri huvuka nyuzi 60 za sentigredi, polishi hukaukia juu yake kabla ya kufanya kazi, na klia iliyolainika kwa joto husagika ovyo. Kazi ifanywe kivulini, paneli ikiwa imepoa, na fundi aiguse kwa kiganja kila baada ya muda. Ikiwa kiganja hakivumilii kukaa juu yake, asubiri.

Kampaundi na polishi ni ujiuji wenye chembechembe ngumu, ambazo kwa kawaida ni za oksidi ya alumini, madini yenye ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs ambacho almasi hufikia 10 na mchanga wa barabarani hukaribia 7. Kinachozitofautisha bidhaa hizo mbili ni ukubwa wa chembe na jinsi zinavyovunjika zinapofanya kazi. Pedi nazo zina ukali wake: ya sufu na ya nyuzi za maikrofaiba hukata zaidi, ya sponji ngumu hufuata, na ya sponji laini humalizia. Ukali wa kazi hutokana na pedi, dawa, mwendo na mgandamizo kwa pamoja, na kwa hiyo fundi anayebadilisha dawa peke yake, huku pedi ikiwa ni ile ile iliyojaa unga wa rangi ya jana, hajui kilichosababisha matokeo yake.

Katika sehemu hii ya kazi kuna udanganyifu ambao unastahili kusemwa wazi. Zipo bidhaa zilizochanganywa mafuta, nta na silikoni ambazo huijaza mikwaruzo bila kuiondoa, gari likang'aa siku linapokabidhiwa, na baada ya kuoshwa mara tatu au nne utando wa mistari ukarudi kama ulivyokuwa. Mwenye gari hudhani kwamba mikwaruzo ni mipya, hulirudisha gari, na hulipia tena. Dawa ya udanganyifu huo ni nyepesi na haina gharama kubwa: kabla ya malipo, sehemu iliyong'arishwa ipanguswe kwa kitambaa laini kilicholoweshwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji, ambayo huyaondoa mafuta na kuuacha uso ulivyo, kisha ikaguliwe juani. Hata hivyo haifai kuzilaani bidhaa hizo kwa jumla, kwa kuwa klia ikiwa nyembamba mno kuijaza mikwaruzo ni uamuzi wa hekima kuliko kuisaga, mradi tu fundi amweleze mwenye gari anachokifanya na kwa nini. Kosa ni kuuza kifuniko kwa bei ya tiba.

Kabla ya mashine kuwashwa gari lioshwe kwa makini kuliko siku nyingine yoyote, kwa sababu punje moja ya mchanga iliyonaswa kati ya pedi na rangi huandika mistari mipya kwa kasi ya mashine. Baada ya kuoshwa, fundi akikivika kiganja chake mfuko mwembamba wa plastiki na kukipitisha juu ya boneti husikia vipele vidogo ambavyo jicho halivioni, navyo ni vumbi la chuma linalotoka kwenye breki, utomvu wa miti na chembe za rangi zilizopeperushwa. Vipele hivyo huondolewa kwa udongo wa kusafishia, yaani bonge linalofinyangika lililobuniwa Japani, ambalo huteleza juu ya maji ya sabuni na kuvinasa; bonge likianguka chini litupwe, maana halioshwi likatakata. Kingo za paneli, mikunjo ya bati na vipande vya plastiki vifunikwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa kuwa kwenye kingo klia huwa nyembamba kuliko mahali pengine na hapo ndipo mashine hutoboa hadi kwenye praima.

Kazi yenyewe huanza kwa jaribio. Fundi huchagua mraba wa sentimita 40 hivi katikati ya boneti, akachukua pedi laini na polishi nyepesi kuliko zote alizonazo, akaweka matone manne ya ukubwa wa punje ya mbaazi, akayasambaza kwa mwendo mdogo, kisha akaiongeza kasi na kuipitisha mashine polepole, sentimita mbili au tatu kwa sekunde, mistari ikipandana nusu kwa nusu, kwanza kwa urefu na halafu kwa upana, mara nne hadi sita. Akimaliza hufuta, hupangusa kwa alkoholi na kukagua kwa tochi. Mikwaruzo ikiwa imepungua kwa kiasi kikubwa, amepata kanuni ya gari zima. Ikiwa bado ipo, hupandisha ukali kwa hatua moja tu, ama pedi ama dawa, na kulirudia jaribio. Mpangilio huu wa kuanza na kilicho chepesi unaonekana kuchelewesha kazi, na fundi aliyezoea kuanza na kampaundi kali huuona ni upotezaji wa saa nzima, lakini saa hiyo humwonyesha ni mikroni ngapi asizohitaji kuziondoa, na ndiyo tofauti iliyopo kati ya kazi ya kukisia na kazi ya kupima. Pedi isafishwe kwa brashi au kwa hewa ya kompresa baada ya kila mraba, na ibadilishwe inapolowa, kwa kuwa unga wa klia iliyosagwa ukichanganyika na polishi hutengeneza matope yanayokwaruza.

Rangi nyeusi zilizo laini, ile ya 202 ikiwa mfano wake unaojulikana zaidi, zina tabu ambayo humshangaza fundi aliyejifunza kwenye rangi ngumu za Ujerumani. Mkwaruzo huondoka kwa urahisi, ila pedi iliyouondoa huacha ukungu wa vikwaruzo vipya vidogo zaidi, na kitambaa cha kufutia polishi huongeza vingine. Juu ya rangi za namna hiyo pedi ya maikrofaiba haifai kuwa ya mwisho. Mwendo wa mashine hupunguzwa, uzito wa mashine huachwa peke yake bila mgandamizo wa mkono, na hatua ya kumalizia hufanywa kwa sponji laini kabisa na polishi yenye chembe ndogo. Vitambaa vya kufutia viwe vipya au vimefuliwa peke yake bila nguo nyingine, viwe na manyoya marefu, na vikunjwe mara kwa mara ili upande uliotumika usirudi juu ya rangi. Kutokuwa na subira katika hatua hii kumeharibu kazi nyingi zilizokuwa zimefanywa vizuri hadi hapo.

Ipo mikwaruzo ambayo haifai kufuatwa mpaka mwisho wake. Ukucha ukipitishwa kwa wima juu ya mkwaruzo na kunasa, kina chake kimezidi kile ambacho klia inaweza kupoteza bila hatari, hata kama mkwaruzo huo unapotea kwa muda unapotiwa maji. Fundi mwaminifu huzilainisha kingo zake zilizo kali kwa pedi na polishi, kwa kuwa kingo ndizo zinazoutupa mwanga, na mkwaruzo ukabaki pale ukiwa hafifu kiasi cha kutoonekana na mpita njia. Mwenye gari anayedai kila mstari uondoke aelezwe hesabu ya mikroni na aonyeshwe kipimo, na mara nyingi akishaziona namba mwenyewe huukubali mstari mmoja au miwili.

Baada ya kung'arishwa, klia hupakwa kinga: nta, ambayo iliyo bora hutengenezwa kwa majani ya mkarnauba wa kaskazini mashariki mwa Brazili, au kinga za kemikali zenye silika, ambazo hudumu kwa muda mrefu zaidi. Matangazo ya kinga hizi za pili hutaja ugumu wa 9H kwa namna inayomfanya mnunuzi afikirie kipimo cha Mohs, ilhali namba hiyo ni ya jaribio la kukwaruza rangi kwa penseli, ambamo 9H ni penseli ngumu kuliko zote zinazotumika. Mchanga ni mgumu kuliko penseli yoyote. Kinga hizo hurahisisha uoshaji na hukinza kinyesi cha ndege na utomvu, na kwa faida hizo zinastahili bei yake, lakini tambara kavu linalopitishwa asubuhi juu ya boneti yenye vumbi huikwaruza klia iliyokingwa kama linavyoikwaruza isiyokingwa. Muoshaji atumie ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia glovu ya kuoshea, aanze na paa na kumalizia sehemu za chini zenye tope, na glovu ikiangukia ardhini isirudi tena juu ya gari siku hiyo.

Maji nayo yana athari yake, hasa pwani. Maji ya visima yenye chumvi na kalisi nyingi yakikaukia juani juu ya paneli nyeusi huacha madoa meupe ya mviringo, na yakikaa kwa siku nyingi hula klia na kuchimba vishimo ambavyo sabuni haiviondoi. Doa likiwa jipya huondoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikiwekwa juu yake kivulini kwa dakika moja au mbili kisha ikasuuzwa kwa maji mengi na kupanguswa mpaka pakauke. Likikataa siki, hupigwa kwa pedi ya kumalizia na polishi nyepesi juu ya doa hilo peke yake, baada ya unene wa mahali hapo kusomwa tena na kulinganishwa na ule uliosomwa kabla ya kazi ya kwanza.